Jina la Kanga Lilikatika Katika Picha

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, binti wa Morogoro anayeanza kuuza kanga kwa njia ya simu, akiniuliza nilipataje wateja wa Muscat, Toronto na Leicester ilhali duka langu la hapa Darajani halina nafasi hata ya kutandika mkeka. Aliambatanisha picha ya kanga yake ya kwanza na kuniomba nimwambie ukweli bila kumwonea haya. Picha yenyewe ilipendeza: kanga imekunjwa kwa ustadi juu ya meza, pembeni pana kikombe cha chai na vishada viwili vya asumini. Hata hivyo moyo ulinipiga nilipoitazama, kwa sababu kanga ile haikuwa na jina, yaani ule msemo unaoandikwa juu yake. Bila shaka jina lilikuwapo, lakini lilikuwa limefunikwa na mkunjo, na kosa hilohilo liliwahi kuninyang'anya mteja ambaye mpaka leo nikipita mbele ya nyumba ya ndugu zake huharakisha hatua.

Kwa faida ya vijana wanaoijua kanga kwa rangi tu, nguo hii ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ndani ya mji, upande wa chini, ndipo jina linapoandikwa. Mama zetu walipelekeana salamu, shukrani na vijembe kwa nguo hiyo, na mwanamke aliweza kukaa barazani kutwa nzima bila kumjibu jirani yake neno, kwa kuwa kanga aliyojitanda ilikwisha jibu. Kwa hiyo anayepiga picha ya kanga anapiga picha ya maneno pia, na akiyaacha nje ya fremu atakuwa amepeleka nusu ya bidhaa.

Mimi niliyaacha. Mwaka 2019 mama mmoja anayeishi Muscat, mzaliwa wa hapahapa Unguja, alitaka doti 36 za sare kwa harusi ya mtoto wa dada yake. Wakati ule simu za video za WhatsApp zilikuwa zimezuiwa Oman, hivyo picha ndiyo iliyokuwa duka, kaunta na muuzaji kwa pamoja. Nilipiga picha za aina kumi usiku, baada ya kufunga duka, chini ya taa ya tyubu, na kwa kuwa niliona fahari na michoro yangu ya korosho, nilisogeza simu karibu mno ili kila ua lionekane. Alijibu baada ya dakika chache: "Nichukulie hizo za korosho nyekundu, mwanangu, zimenikaa moyoni." Nikazifunga, nikampa msafiri, nikahesabu faida.

Mzigo ulifunguliwa usiku wa kuamkia harusi. Wekundu niliouonyesha ulikuwa umegeuka rangi ya matofali, na hilo pengine lingesameheka; lakini chini ya mji wa kila kanga yalikuwa yamesimama maneno haya: *Hasidi hana sababu*. Sare zile zilikusudiwa kuvaliwa na wanawake wa upande wa bibi harusi, wakiwa wamekaa uso kwa uso na wakwe. Msomaji wangu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Asubuhi yake nilipokea picha moja, kanga imetandazwa kitandani na jina linasomeka vizuri, na chini yake emoji ya mikono miwili iliyokutanishwa. Hapakuwa na neno hata moja. Nami, kwa furaha ya mtu anayesubiri sifa, niliona mikono ile kuwa ni shukrani, nikamjibu kwa mioyo mitatu myekundu na kumuuliza kama angependa niwawekee wageni wengine mzigo wa pili. Siku tatu baadaye binamu yake alinipigia kunieleza kwamba mikono ile ilikuwa na maana ya "basi, yaishe." Nilipofungua tena mazungumzo yetu, picha yake ilikuwa imetoweka, na mahali pake pamebaki kile kivuli cha kijivu kisicho na sura.

Nimejilaumu kwa hilo miaka mingi, na bado najilaumu. Hata hivyo nitasema ambalo sikupata nafasi ya kumwambia: mwanamke aliyezaliwa na kulelewa Unguja ananunua doti 36 asiulize jina? Sehemu yangu ya kosa nimeibeba, na iliyobaki namwachia yeye.

Baada ya mkasa ule nilianza kujifunza kuhusu alama hizi tunazozirushiana kama njugu. Seti iliyozipa emoji umaarufu ilichorwa Japani mwaka 1999 na Shigetaka Kurita kwa ajili ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo. Zilikuwa picha 176, kila moja ikiwa na vidoti 12 kwa 12 tu. Mikono iliyokutanishwa imetoka katika adabu za huko, ambako mtu huikutanisha anaposhukuru, anapoomba kitu au anapotaka radhi. Ilipovuka bahari kila jamii iliivika kanga yake: wapo wanaoiona sala, wapo wanaoiona heshima, na mteja wangu aliiona kuwa ni namna ya kukomesha maneno kabla hayajawa matusi. Sisi ambao huomba dua kwa viganja vilivyo wazi tulisubiri hadi mwaka 2017 ndipo alama ya viganja hivyo ilipoingizwa katika Unicode, orodha ya herufi na alama inayofuatwa na simu zote. Tangu mkasa ule wa Muscat sijibu alama kwa alama. Mteja akinitumia uso unaocheka mpaka machozi, namuuliza kwa maneno: "Umependa, au bei imekuchekesha?"

Nilivyorekebisha kazi yangu ni jambo dogo kulieleza, ingawa lilichukua muda ambao sitausimulia hapa kwa kuwa haukuwa na la kusisimua. Kanga sasa naitundika kwenye kamba, nzima, doti ikiwa imefunguliwa, ukutani penye kivuli cha asubuhi ambapo mwanga upo lakini jua haliipigi nguo moja kwa moja. Kamera ya simu hukisia yenyewe kipi ni cheupe, na chini ya taa hukosea mara nyingi; kwa hiyo pembeni ya kanga naweka karatasi nyeupe, na karatasi ikionekana ya manjano au ya bluu katika picha, mteja anajua kwamba na wekundu umepotoka vivyo hivyo. Kwa wanaotaka kuchunguza nyuzi natuma picha kama faili, kwani WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha za kawaida na kuzifanya laini kuliko nguo ilivyo. Kisha, chini ya kila picha, naliandika jina la kanga kwa herufi, hata kama linasomeka. Hasa kama linasomeka.

Simu ya video ilinifunza somo jingine, tena kwa njia ya aibu. Mteja wa Toronto alitaka kuiona kanga "ikiwa hai," nasi tukapatana saa kumi jioni kwa saa za hapa, ambapo kwake ni asubuhi. Nilikaa mbele ya dirisha, kwa hiyo kwa muda mrefu alikuwa akizungumza na kivuli, maana kamera ilipima mwanga wa nje na kuniacha mimi nikiwa mweusi kama chungu. Akaniuliza, "Dada, rangi hii haichuji?" Nilimjibu papo hapo kwamba haichuji, lakini mtandao uliishika sauti yangu kwa sekunde moja hivi, na nilimwona akikunja uso. Watafiti waliolinganisha lugha 10 waliandika mwaka 2009 kwamba katika mazungumzo ya kawaida pengo kati ya swali na jibu ni wastani wa sehemu ya tano hivi ya sekunde, na kwamba majibu ya kukubali kwa kawaida huja haraka kuliko ya kukataa. Uaminifu wangu wote ulikuwa umechelewa njiani. Juu ya hayo, nilikuwa namtazama yeye kwenye kioo badala ya kuitazama kamera iliyo juu yake, hivyo kwake nilionekana kama mtu anayeangalia chini, na kwa malezi yetu mtu anayeangalia chini anapoulizwa habari za mali ana lake jambo.

Aliinunua doti moja tu, ya majaribio. Siku hizi namwambia kila mteja tangu mwanzo kwamba sauti itachelewa, namwachia amalize kabisa kabla sijajibu, nakaa nikiuelekea mlango wenye mwanga, na nikifika kwenye bei naitazama ile nukta ya kamera kama ninavyomtazama mtu. Mteja huyo wa Toronto ameshachukua mizigo minne tangu hapo, na wa Leicester alinipata kupitia kwake.

Sasa niseme na wauzaji wenzangu, kwa kuwa naona tunapotea pamoja. Tumejifunza kupamba picha kabla ya kujifunza kusema kweli kwa picha. Tunaweka asumini, tunaweka kikombe, tunaongeza rangi kwa programu mpaka bluu ya kanga inashindana na bahari ya Nungwi, halafu mzigo ukifika tunashangaa mteja amekuwa mkali. Huyo aliye mbali hana mkono wa kuipapasa nguo, hana pua ya kuinusa, hawezi kuinyoosha juani. Alicho nacho ni kile tulichoamua kumwonyesha na muda tuliokubali kumsikiliza. Tumwonyeshe kanga nzima. Tumwandikie jina. Akituma alama, tumuulize maana yake, na akinyamaza tusiuite unyamavu wake kuwa ridhaa, kwa maana wanawake wa pwani hii walikuwa wakinyamaza ndani ya kanga muda mrefu kabla ya simu kuletwa.

Na wewe binti wa Morogoro, picha yako ya pili nimeiona jana usiku. Mwanga umekaa vizuri, karatasi nyeupe ipo, asumini umeiondoa, na jina nimelisoma bila taabu. Lakini ulisimama karibu mno, mwanangu, na pindo la kushoto limebaki nje. Rudi nyuma hatua mbili, uipige tena.