Miguu inayokataa kulala

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 38, naishi Mbagala na nauza chakula Kariakoo. Kila usiku nikishajilaza, nahisi kama wadudu wanatambaa ndani ya miguu. Nikiinuka na kutembea uani wanatulia, nikirudi kitandani wanaanza upya. Hata kwenye daladala, foleni ikiwa ndefu, siwezi kutuliza miguu. Nimepima wingi wa damu, nikaambiwa inatosha. Dukani huuziwa vidonge vya mzio ili nisinzie, lakini naona hali inazidi. Je, ni uchovu wa kusimama?

JIBU: Marahaba, mama. Uchovu wa kusimama hupungua mtu akipumzika, ilhali shida yako huanza pale unapopumzika, huzidi usiku na hutulia ukitembea. Maelezo hayo yanaendana na ugonjwa wa miguu isiyotulia, ambao daktari Thomas Willis wa Uingereza aliueleza tangu mwaka 1672. Huo ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu, kwa hiyo usikubali kuambiwa kuwa ni mawazo tu.

Vidonge hivyo vya mzio viache kwanza, kwa maana vile vinavyoleta usingizi ndivyo vinavyojulikana kuuchochea ugonjwa huu. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za sonona hufanya vivyo hivyo, ingawa hizo usiziache bila kuzungumza na aliyekuandikia.

Kuhusu damu, kipimo ulichofanyiwa hakitoshi. Mtu anaweza kuwa na damu ya kutosha huku akiba yake ya madini ya chuma, ambayo ubongo huihitaji, ikiwa imepungua, hasa kwa mwanamke anayetokwa na hedhi nyingi. Omba kipimo cha feritini, yaani kinachoonyesha akiba hiyo ya chuma. Katika ugonjwa huu, madaktari hufikiria kuongeza madini ya chuma hata feritini ikiwa mikrogramu 75 kwa lita, kiwango ambacho karatasi ya maabara huenda ikakiita cha kawaida. Usijinunulie vidonge vya chuma kabla ya kupima, kwa sababu chuma kikizidi mwilini hudhuru ini na moyo. Omba pia figo zipimwe.

Chai ya rangi usiinywe wakati wa mlo (najua ni vigumu kwa mama lishe), kwani ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa, na kafeini yake jioni huweza kuzidisha hali. Kukanda miguu au kuiosha kwa maji ya moto kabla ya kulala huwapa wengi nafuu. Chuma kikiwa sawa na usiku bado ni mgumu, daktari anaweza kukuandikia gabapentini au pregabalini.