Taa za sola barabarani: mmeuliza, tunajibu

Taa za kijijini kwetu, kando ya barabara kuu, zilikuwa zinawaka hadi alfajiri. Sasa zinazima saa 4 usiku. Tununue betri mpya? (Msomaji, Kibaigwa)

Huenda ni betri, lakini pimeni kwanza, maana betri ndiyo kifaa cha gharama kubwa pale juu. Fundi apande na mita saa 4 asubuhi, anga likiwa jeupe. Apime ampea zinazoingia kwenye betri. Kwa paneli ya wati 160, saa hiyo anatakiwa aone 5 au zaidi. Akikuta 1 au 2, asiilaumu betri bado. Achomoe waya wa paneli kwenye chaja kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) na apime volti za paneli peke yake: paneli ya seli 36 hutoa 20 hadi 22. Volti zikiwepo na ampea hazipo, atazame vumbi, kivuli cha tawi, na viunganishi vya waya, ambavyo hulika kutu ya kijani na kuungua ndani bila kuonekana kwa nje.

Kuna hali moja ya kumchanganya: ampea ni ndogo kwa sababu betri inasema imeshajaa, volti ziko juu ya 14 ilhali ni asubuhi. Betri iliyochoka hujaa upesi na kuisha upesi. Arudi usiku huohuo. Volti zikishuka chini ya 12 ndani ya saa mbili za kuwaka, hapo nunueni.

Wakati wa kufunga tena, betri ianze, kisha paneli, mwisho taa. Kufungua ni kinyume chake. Ukianza na paneli, chaja kontrola inaweza kuungua.

Dukani nimeona taa imeandikwa wati 500, na paneli iko humohumo. Ni kweli? (Dodoma mjini)

Nenda na futi. Jua kali la mchana huleta wati 1,000 hivi kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza sehemu ya tano tu kuwa umeme, yaani wati 200. Paneli ya sentimita 50 kwa 35 haiwezi kuzidi wati 35. Hakuna taa ya wati 500 inayolishwa na kipande hicho.

Tunataka kuangaza kilomita moja. Kila nguzo ibebe nini? (Kamati ya mtaa, Nala)

Anzeni na usiku. Huku usiku ni kama saa 12 mwaka mzima. Taa ya LED ya wati 60 iwake kamili saa 5 za mwanzo, halafu nusu kwa saa 7: 300 na 210, jumla wati-saa 510. Miezi ya mawingu tuhesabu saa 4.5 za jua kamili, na asilimia 30 ipotee kwa joto, vumbi na waya. Gawanyeni 510 kwa 4.5, kisha kwa 0.7: inakuja paneli ya wati 162. Wekeni paneli ya 200.

Betri ihimili siku 3 za mawingu bila kushushwa zaidi ya asilimia 80: wati-saa 1,900 hivi, yaani lithiamu-fosfeti ya volti 12.8, ampea-saa 150. Wengi hubana hapa ili bei ishuke, na taa hufa masika ya kwanza.

Paneli itazame kaskazini, nyuzi 10 hadi 15. Msizidishe: Desemba na Januari jua liko kusini, na paneli iliyosimama sana inaligeuzia kisogo katika miezi ileile ya mawingu. Pia paneli ya seli 60, ambayo volti zake ni nyingi, msiifunge na chaja kontrola ya PWM (aina rahisi, isiyotumia volti za ziada) kwenye betri ya volti 12. Zaidi ya nusu ya wati hazifiki. Hiyo inataka MPPT, aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea.

Nguzo za mita 8, kila mita 25: kama 40 kwa upande mmoja. Shimo mita 1.4, na kwenye udongo wa mbuga liwe refu na pana zaidi, kwani udongo ule huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati, kwa hiyo TANROADS, wakala wa barabara kuu, waombwe kibali kabla ya kuchimba.

Kwa nini paneli zisikusanywe sehemu moja? (Chamwino)

Zinaweza, ila si kwa volti 24. Taa 10 za wati 60 zinavuta ampea 25. Zikiwa mwisho wa waya wa milimita 16 za mraba, mita 250 kwenda na 250 kurudi, volti 13 hivi zinapotea njiani. Kwa inveta, inayopandisha umeme wa betri hadi volti 230, hasara haifiki volti 2. Lakini inveta moja ikifa, barabara nzima ni giza, na shaba iliyofukiwa huvutia wezi.

Tuzisafishe kwa maji ya kisima? (Manyoni)

Yakiwa ya chumvi, hapana; huacha utando mweupe juu ya kioo. Tumieni ya mvua, na brashi laini, alfajiri kioo kikiwa baridi. Kiangazi, kila wiki 4.