Upanga wa bwana harusi: chuma gani umpelekee mhunzi

Mpwa wangu alipotaka kuoa, mimi mjomba wake ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta upanga. Kwetu Wete, Pemba, bwana harusi aliyekamilika huvaa joho juu ya kanzu, kilemba, jambia kiunoni na upanga mkononi. Upanga wa kuazima una aibu yake, maana kila mtu anaujua ni wa nani na umeshapita harusi ngapi. Nikasema, huyu tutamfulia wake.

Nikaenda kwa fundi wa mageti. Nilimuonyesha picha, akatoa bapa la stenlesi lililobaki kwenye kazi ya ngazi, akalikata kwa grenda, akalisugua mpaka nikaiona sura yangu. "Hichi hakishiki kutu mpaka kiama," akanambia. Kwa mtu wa kisiwani, ambaye hata bawaba za mlango zinaliwa na hewa ya bahari, neno hilo linatosha kumtoa pesa mfukoni. Nilitoa.

Usiku wa kumwingiza bwana harusi, mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akauomba auangalie. Akaushika juu na kuutikisa, kama wanavyotikisa Waomani kwenye razha, ngoma yao ya panga, pale bapa linapotetemeka mpaka macho yanapoteza ncha. Huu haukutetemeka. Akaweka ncha kwenye gogo, akauegemea kidogo tu. Ukakunjika, na ukabaki vivyo hivyo. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee akanirudishia kwa mikono miwili, taratibu, akasema: "Mwanangu, hili bati."

Tangu siku hiyo nimeshafuatilia kufuliwa kwa panga tatu, mmoja ulipasuka, na watu wananiuliza. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na hiyo stenlesi, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Ile ya mageti na masinki mara nyingi ni aina ya 304: kromi kama asilimia 18, nikeli kama 8, na kaboni kidogo mno. Kaboni ndiyo inayokifanya chuma kikubali kugeuzwa na moto. Chuma kisicho na kaboni ya kutosha ukipashe kiwe chekundu, ukichovye utakavyo, kitatoka laini kama kilivyoingia. Nondo za kujengea nazo ni hivyo hivyo, zina kaboni lakini haifiki kwenye kiwango cha kushika makali. Ipo stenlesi inayokubali moto, mfano 420 au 440C, na visu vingi vizuri vimetengenezwa kwayo. Lakini kisu cha shubiri moja hakipindwi na kitu. Upanga wa sentimita 75 unapigwa, unapinda, unatakiwa urudi, na stenlesi iliyokazwa kwa moto ukiifanya ndefu kiasi hicho ni rahisi kukatika. Kama unataka cha kutundika ukutani, chukua tu, hakuna atakayekulaumu.

Wazee wetu hawakuwa wakisema "chuma" wakanyamaza. Walisema chuma, walisema pua, yaani chuma kigumu, walisema feleji, na upanga wa feleji ulikuwa ule mrefu ulionyooka, wa makali mawili. Pwani hii ilijulikana kwa chuma chake zamani sana: al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, ameandika kuhusu chuma cha Malindi na cha Sofala, na kwamba Wahindi walikuwa wakikinunua. Kwa hiyo mtu akikwambia mambo haya ni ya Wazungu na Wajapani, mwache aseme.

Sasa, chuma chenyewe. Ukiniuliza mimi, kwa upanga unaofuliwa huku kwetu, kwa moto wa makaa, jibu langu ni springi ya gari, ile ya mabapa. Wanaokinunua kikiwa kipya kwa namba hukiita 5160: kaboni kati ya asilimia 0.56 na 0.64, na kromi isiyofika asilimia 1. Si springi zote zina mchanganyiko huo hasa, ila jamii ni moja. Kazi yake tangu mwanzo ni kupinda na kurudi, na upanga hauombi zaidi ya hapo. Na kinasamehe, moto ukizidi kidogo au ukipungua kidogo hakikuharibikii kazi yote.

Lakini usiokote springi yoyote iliyolala nyuma ya gereji. Upanga wangu wa pili ulitokana na springi ya lori lililokufa, lililobeba mawe na mchanga miaka chungu nzima. Mhunzi akaufua vizuri, ukapendeza, akauchovya. Tukasikia "ting" ndogo, kama kijiko kimegusa bilauri. Ulipotoka kwenye mafuta ulikuwa na ufa umekata nusu ya upana wake. Ufa ule tuliuzoa pamoja na springi, moto uliufungua tu. Siku hizi, kabla sijatoa hata shilingi, nasugua bapa kwa msasa, nalipaka mafuta ya taa, nasubiri kama robo saa, nalifuta likauke, halafu nalisugulia chaki. Penye ufa mafuta yanarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki, mwembamba kama unywele. Bora zaidi, nunua bapa jipya kwenye duka la spea. Bei ya bapa ukiilinganisha na siku tatu za mhunzi si kitu.

Kama una shaka chuma ulichopewa ni nini, anza na sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu. Stenlesi ya masinki kwa kawaida haishiki sumaku, au inashika kwa kujivuta. Kikishika, kiguse kwenye grenda, jioni, uangalie cheche. Nondo inatoa cheche ndefu zilizonyooka, zinazopasuka chache mwishoni. Chuma chenye kaboni kinatoa cheche fupi, nyingi, zinazopasukapasuka kama fataki za Sikukuu. Piga nondo kwanza, kisha chuma chako, uone tofauti kwa jicho lako.

Sasa neno ambalo natamani ningeambiwa mapema: kabla ya kuuliza chuma gani, uliza mhunzi wako anakijua chuma gani. Yupo kijana aliniletea namba alizozisoma mahali, anataka D2. D2 ni chuma kizuri, kina kromi kama asilimia 12 na kaboni kama moja na nusu, lakini kinataka joto linalozidi nyuzi 1000 na kulishikilia hapo bila kuyumba. Kwa mivukuto na makaa ya vifuu, yakhe, nani atalishikilia? Utalipa chuma cha bei upate matokeo ya nondo. Hata 1095, chenye kaboni karibu asilimia 1, ni rahisi kupasuka mkononi mwa asiyekizoea.

Mhunzi ninayemtumia mimi, mzee wa shamba asiye na maneno mengi, huchovya magharibi ikishaingia. Anataka giza, kwa sababu rangi ya chuma haionekani mchana. Ana sumaku amening'iniza kwa waya kando ya tanuri. Bapa likifika kama nyuzi 770 sumaku inaacha kulishika, naye analiongeza joto kidogo tu kupita hapo, anahakikisha wekundu ni mmoja kuanzia shina mpaka ncha, kisha analizamisha wima kwenye bomba refu lililojaa mafuta ya nazi aliyoyapasha moto. Si maji. Springi ukiichovya kwenye maji unaomba ile "ting" yangu. Likitoka anapitisha tupa kwenye makali, na tupa ikiteleza kama juu ya kioo bila kung'ata, ndipo anapotabasamu.

Hapo watu wengi hufikiri kazi imekwisha. Upanga ulioachwa hapo ni mgumu kama kioo na utavunjika kama kioo. Unasuguliwa ung'ae, unarudishwa juu ya makaa kidogo kidogo, rangi zinapita: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Kisu anakiachia kwenye manjano. Upanga anauvumilia mpaka buluu, kama nyuzi 300, unapoteza ugumu kidogo na kupata ule mrejeo. Mwombe mhunzi usimame naye hatua hii. Akikataa au akisema haina haja, tafuta mwingine.

Mengine nayapita haraka. Unene upungue kutoka shina kwenda ncha, milimita tano au sita kushuka hadi tatu hivi, la sivyo umenunua mtaimbo. Msuka, ule mkia unaoingia kwenye mpini, uwe kipande kimoja na bapa, usikubali wa kuchomelea kwa umeme hata ukiapiwa. Na ukivuka nao na boti, ufunge vizuri na useme mapema bandarini, usingoje wauone wenyewe.

Kutu, ndiyo, upanga wa springi utashika. Hapa Pemba, wakati wa masika, alama ya kidole tu jana ni doa leo. Usiuache ndani ya ala ya ngozi, ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatia. Ufute, uupake mafuta ya cherehani, uuweke kando ya ala yake. Mimi natia matone mawili ya mafuta ya karafuu kwenye hayo ya cherehani, kwa harufu zaidi kuliko kinga. Nilipojua kwamba Wajapani wamepaka panga zao mafuta yenye karafuu tangu zamani nilicheka peke yangu: sisi tunayakamua Wawi hapo, halafu tunazipigia panga zetu grisi ya trekta.

Upanga wa tatu ni wa mpwa wangu, alimkabidhi mdogo wake mwaka yeye naye alipooa, na yule mzee aliuegemea tena mpaka ukawa kama upinde. Alipouachia ukanyooka. Hakusema kitu, akaomba kahawa. Ule wa stenlesi shangazi yangu ameufunga kwenye mwanzi mrefu, anaangushia mashelisheli. Unalala nje mvua na jua, na fundi wa mageti hakusema uongo: haujashika kutu hata nukta moja.