Unaenda kukimbia chuo Marekani? Soma hii kabla hujahesabu pesa ya NIL

Wadogo zangu mlioko Iten, Kapsabet, Kaptagat, na nyinyi wa Arusha na Mbulu pia, mnaosubiri I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea visa, na tarehe ya ubalozi, naomba mnisikilize. Nimekimbia chuo huko miaka yangu yote nikamaliza na digrii, na saa hii karibu kila kijana anayenitafuta inbox anauliza kitu kimoja tu, hiyo pesa ya NIL, yaani mwanafunzi mwanamichezo kulipwa kwa jina lake, picha na sura yake, inaanza kuingia lini. Haulizi kozi, haulizi baridi, haulizi kocha ni mtu wa aina gani. Kuna mtu huko kempu amewaambia ukitua tu kampuni ya viatu inakusainisha na unaanza kutuma M-Pesa nyumbani, na wazazi washaanza kupanga boma mpya kwa hiyo hesabu.

Pesa yenyewe ipo, hapo hamjadanganywa. Zamani mwanafunzi akichukua hata hela kidogo ya tangazo alikuwa anafungiwa kushindana. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, Suleiman Nyambui wa Tanzania akashinda mataji kibao pale chuo cha UTEP, Texas, Edward Cheserek akatoka Oregon 2017 na mataji 17 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na wote hao wakiwa chuo jina lao lilikuwa kubwa lakini wao hawakuruhusiwa kugusa chochote zaidi ya skolaship. Ilianza kubadilika pale Ed O'Bannon, aliyekuwa mchezaji wa basketi wa UCLA, alipoishtaki NCAA mwaka 2009 baada ya kuona sura yake inatumika kwenye gemu ya video na yeye hajalipwa. California ikapitisha sheria yake 2019, Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu wakaipiga NCAA kwenye kesi ya Alston, iliyohusu mipaka ya misaada ya masomo kwa wanamichezo, na Julai 1 mwaka huo huo mlango ukafunguliwa, mwanafunzi anaweza kuuza jina lake, picha yake, sura yake. Hata kwenye mbio ndefu ilifika, Katelyn Tuohy wa NC State alikuwa na dili na Adidas akiwa bado darasani.

Sasa tofauti yako na Tuohy si kasi. Ni visa.

Wewe unaingia na F-1, na F-1 inasema wewe ni mwanafunzi, kazi unayoruhusiwa ni ya ndani ya kampasi, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, maktaba, kantini, kufua jezi za timu, hivyo. Kazi ya nje ya kampasi inataka kibali, na kibali chenyewe mara nyingi lazima kiendane na masomo yako. NCAA imekuruhusu, chuo kimekuruhusu, hata sheria ya jimbo imekuruhusu, lakini uhamiaji hawajabadilisha kitu, na wao ndio wenye neno la mwisho kuhusu wewe kubaki nchini. Ukipiga picha za tangazo hapo Alabama au Texas, ukapost namba ya punguzo ya kampuni ukalipwa, hiyo inaweza kuhesabiwa kazi bila kibali, na ukipoteza status, yaani uhalali wako wa kukaa nchini, umepoteza chuo, mbio, na pengine nafasi ya kupata visa tena. Na usijidanganye kwamba ukilipwa viatu na saa badala ya dola uko salama, malipo ni malipo.

Kama unadhani hii ni kwa wadogo tu, muangalie Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, aliyekuwa mchezaji bora wa basketi ya vyuo Marekani nzima mwaka 2022 akiwa Kentucky. Wenzake kwenye timu walikuwa wanasaini dili wazi wazi, yeye mwenye jina kuliko wote alibanwa na visa mpaka timu iliposafiri Bahamas Agosti 2022, na huko nje ya Marekani ndio akafanya kazi zake za udhamini. Zach Edey wa Canada naye alikuwa mchezaji bora miaka miwili mfululizo pale Purdue, na shida ilikuwa ile ile.

Kwa hiyo njia iko, na ndio nataka muielewe vizuri. Kazi unayoifanya ukiwa nyumbani Kenya au Tanzania wakati wa likizo, picha zimepigwa huko, video imerekodiwa huko, hiyo ina nafuu kubwa kuliko ya Marekani, lakini hata hiyo usiifanye kichwa kichwa. Kila chuo kina ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na ndani kuna mtu anaitwa DSO, huyo ndiye anayeshika rekodi yako ya uhamiaji. Kabla ya kusaini chochote mwandikie barua pepe, si kumuuliza kwa mdomo koridoni, mwandikie, mwambie kampuni gani, kazi ni nini, inafanyika wapi, malipo yanaingia lini, alafu usubiri jibu lake kwa maandishi. Kocha si DSO. Kocha anaweza kukupenda sana na bado asijue sheria ya visa hata kidogo, na siku mambo yakiharibika jina liko kwenye faili ni lako. Halafu kuna kompliansi ya idara ya michezo, hao ni wa sheria za NCAA, na tangu 2025 dili yoyote ya nje ya dola 600 na zaidi inabidi iripotiwe kwenye mfumo unaoitwa NIL Go. Ofisi mbili tofauti, na jibu la moja halitoshi bila la nyingine.

Ahadi ya mdomo pia iogopeni. Septemba 2024 Matthew Sluka, kwotabeki wa futiboli ya Kimarekani wa chuo cha UNLV, aliacha timu ikiwa imeshinda mechi zote tatu za kwanza, upande wake ukisema aliahidiwa dola 100,000 na hazikuja, chuo kikasema hakikukubaliana naye hivyo. Huyo ni Mmarekani mwenye ajenti. Wewe uko Iten unaongea na mtu kwa WhatsApp saa tano usiku anakwambia "njoo, wafadhili wetu watakupanga". Kama haiko kwenye karatasi ya skolaship usiihesabu kabisa, na usimwambie mama.

Hii pesa imebadilisha hata mashindano yenyewe na inakugusa hata kama hupati senti. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken alipitisha makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo waliodai malipo yao kwa NCAA, chuo sasa kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja kwa kikomo kilichoanza na karibu dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26, ukiacha fidia ya dola bilioni 2.8 ya waliocheza zamani. Hizo milioni zinatoka bajeti ile ile iliyokuwa inalisha michezo yote, na sehemu kubwa sana inaenda futiboli ya Kimarekani na basketi ya wanaume. Chuo cha Cal Poly kilifuta timu ya kuogelea mwaka huo huo kikitaja gharama. Kwenye mbio, vyuo vilivyoingia mfumo huu vina kikomo cha wakimbiaji 17 wa nyika, kwa hiyo kocha hana tena nafasi ya kukulea polepole miaka miwili ukizoea, anataka pointi msimu huu, na akiona kuna mtu kwenye transfa potali, ile orodha ya wanaotaka kuhama chuo, mwenye muda mzuri kukuliko atampigia simu. Na ndio maana vyuo vinakimbilia kwetu, sisi tunafika tukiwa tayari. Mkenya Doris Lemngole amevaa jezi ya Alabama akashinda taji la nyika 2024, makocha wote waliona.

Mtasikia watu wakilalamika kwamba Wakenya wamejaa na watoto wa Marekani wamekosa nafasi. Msiingie kwenye hayo mabishano, lakini muelewe yanatoka wapi, yule mtoto amekimbia tangu hai skuli na timu imepunguzwa, uchungu wake ni wa kweli hata kama kosa si lako. Na wewe pia utakaa meza moja na mtu anayelipwa na hakukuti hata kwa intavali za asubuhi. Inauma, sitawadanganya. Ila usianze kuhamahama vyuo kutafuta pesa ambayo visa haikuruhusu kuichukua. Nimeona wenzangu wakihama mara ya pili, ya tatu, kila wakihama masomo mengine hayahesabiwi chuo kipya, miaka ya kushindana ikaisha digrii bado, na F-1 haikungojei ukiwa huna darasa.

Muulize kocha kabla ya kusaini: skolaship ni ya mwaka mmoja au minne? Nikiumia itaendelea? Inalipa pia masomo ya kiangazi? Bima ya afya nani analipa? Hayo majibu yana thamani kubwa kuliko dili yoyote, sababu fulu skolaship kwenye vyuo vingine ni zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na hiyo ndiyo pesa yako halali. Ujue pia kwamba sehemu ya chakula na malazi inakatwa kodi kwa mgeni, mara nyingi asilimia 14, na kila mwaka unajaza fomu 8843 ya kodi hata kama hukupata kitu.

Alafu ukija likizo na marafiki wakakuvuta kwenye mbio za barabarani zenye zawadi, andikia kompliansi kwanza, utaje jina la mbio, tarehe na kiasi cha zawadi, na usibandike namba kifuani mpaka wakujibu.