Piki nene, piki nyembamba: soma kromatogramu kabla ya kulaumu kolamu

Vijana wanaokuja field kwenye maabara za dawa hapa Dar huniuliza swali lilelile: "Kaka, mbona piki ya mwisho imenenepa hivi? Kolamu imekufa?" Wanazungumzia HPLC, mashine inayosukuma sampuli kwa kiyeyushi kupitia kolamu (mrija uliojazwa chembechembe) ili dawa zitengane; kila moja ikitoka huchora mwinuko, yaani piki, kwenye grafu iitwayo kromatogramu. Mara nyingi kolamu ni nzima. Angalia kwanza kama unatumia isokratiki au gradienti, maana upana wa piki hausomwi kwa namna moja.

Kwenye isokratiki, mchanganyiko wa viyeyushi haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, na molekuli zikikaa sana ndani ya kolamu zinazidi kutawanyika. Kolamu ikiwa na pleti 10,000 (pleti ni kipimo cha ubora wa kolamu: zikiwa nyingi, piki ni nyembamba), upana wa piki pale chini ni kama asilimia 4 ya muda wake wa kutoka. Piki ya dakika ya 3 itachukua sekunde 7 hivi, ya dakika ya 15 itachukua 36. Kama maeneo yaliyo chini ya piki hizo mbili yanalingana, kimo cha hiyo ya pili ni moja ya tano tu.

Kwa hiyo kunenepa kwa mpangilio si ugonjwa. Kinachonishtua mimi ni piki nene iliyojichomeka katikati ya nyembamba. Hiyo kwa kawaida ni ya sampuli iliyotangulia, imechelewa kutoka. Ingiza sampuli moja, kisha iache mashine iendelee mara mbili au tatu ya muda wa kawaida. Utaiona inapotokea kwa wakati wake halisi.

Gradienti huubadilisha mchanganyiko: inaanza na maji mengi, kisha kiyeyushi kikali kama asetonitrili kinaongezwa polepole. Molekuli zinaganda kichwani mwa kolamu kama abiria wa pantoni pale Magogoni wanaosubiri geti lifunguliwe. Asetonitrili ikifikia kiwango kinachozifaa, zinaondoka kwa pamoja. Zaidi ya hapo, mkia wa piki uko kwenye kiyeyushi kikali kuliko mbele yake, hivyo unasukumwa usibaki nyuma. Matokeo yake piki ya mwanzo na ya mwisho hukaribiana upana.

Ndiyo maana gradienti inafaa dawa mseto ya malaria. Lumefantrini inapenda mafuta kuliko artemeta. Ukitumia kiyeyushi dhaifu kisichobadilika ili kuishika artemeta vizuri, lumefantrini itachelewa na kutoka imelala kama kilima. (Artemeta yenyewe hainyonyi sana miale ya UV, lakini hicho ni kichwa kingine cha kuuma.)

Usihesabu pleti za gradienti kwa fomula ya isokratiki. Piki ya dakika ya 20 yenye upana wa dakika 0.2 itakupa pleti 160,000. Kwa kolamu ya kawaida ya sentimita 15, hiyo ni ndoto. Afadhali ugawanye muda wa gradienti kwa upana wa piki: dakika 30 kwa 0.3 ni nafasi kama 100 za piki, yaani piki zinazoweza kukaa kando kwa kando.

Zikinenepa za mwanzo tu, chunguza ulichoyeyushia sampuli. Methanoli tupu kwenye gradienti inayoanza na maji huziburuta molekuli kabla hazijaganda. Zikinenepa zote, kagua viungio na mirija, halafu ndiyo uishuku kolamu.

Kwa paracetamol peke yake, mimi hubaki na isokratiki. Gradienti inadai kolamu irudishwe kwenye hali ya mwanzo kila mara, kwa kupitisha kiyeyushi karibu mara 10 ya ujazo wa kimiminika kinachokaa ndani yake. Kwa kolamu ya sentimita 15 yenye kipenyo cha milimita 4.6, hiyo ni kama mililita 15, yaani dakika 15 kwa kasi ya mililita 1 kwa dakika.