Modeli yako usiitume kwa picha ya WhatsApp

Nilikuwa Newala, mikorosho ikichanua, nikitafuta modeli ya kompyuta inayoonyesha ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unavyosambaa kwenye maua. Mwenzangu mmoja akanisaidia kwa moyo wote: akanitumia picha nne za milinganyo kwa WhatsApp. Nikazinakili mstari kwa mstari. Kasi ya maambukizi ilikuwa 1.4, basi, hakuna neno lingine. Nikaichukulia ni kwa siku.

Baba mdogo, mwenye shamba, aliutazama mchoro kwenye laptopu, akaweka kidole pale mstari ulipofika juu kabisa: siku ya kumi. "Mwanangu, ubwiriunga haumalizi shamba kwa siku kumi. Angalia tena."

Nikampigia mwenzangu. Kumbe ni kwa wiki! Nilipoigawa kwa saba ikawa 0.2, na mstari ukapanda polepole kwa zaidi ya mwezi. Wiki tatu zilishapotea, na wakati wa kupulizia salfa haumngoji mtu.

Shida hii ilishaonekana zamani. SBML, lugha ya pamoja ya kuandikia modeli za baiolojia, ilianza kutengenezwa mwaka 2000 huko California. Faili moja la SBML hufunguka kwenye programu nyingi. Mimi natumia COPASI, haina malipo. Tangu 2005 lipo pia ghala la modeli liitwalo BioModels, nako unazipakua bure ukiwa Mtwara mjini au Nachingwea, bando likiwepo.

Lakini nikuambie ukweli, maana wengi hujikwaa hapa. SBML haijui ulichokuwa unawaza. Katika ngazi yake ya 3 si lazima utaje vizio (kama "kwa siku" au "kwa wiki"), kwa hiyo faili lenye 1.4 tupu, ile ile iliyonipotezea wiki tatu, litapita ukaguzi bila tatizo. Vizio viandike wewe, kwa kila namba. Usiache majina kama x1 na x2. Andika "maua mazima", "maua yaliyoambukizwa". Mpangilio wa jaribio, yaani siku ngapi na hatua ngapi, una lugha yake, SED-ML. Uambatanishe.

Kisha mpe mtu ambaye hakuwepo ulipoitengeneza, aifungue kwenye programu nyingine. Mchoro wake ukitofautiana na wako, usichapishe bado.

Mimi na mwenzangu tuliiandika upya yote jioni moja. Siku hizi akinitumia faili, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni neno "wiki", na huwa nalikuta.