Droni ya kamera ya joto kwa uokoaji Matema

Ndugu yangu wa Kyela, unauliza kama kikundi chenu cha Matema kichange hela za droni yenye kamera ya joto (inayoonyesha joto la vitu, si mwanga wake), ya kutafuta wavuvi wanaopotea usiku Ziwa Nyasa. Inasaidia, lakini msidanganyike: kamera hiyo haioni chini ya maji hata sentimita moja. Inaona kichwa kilichojitokeza, basi. Na maji yenu ya vuguvugu, yanayofika nyuzi 28, hayapishani sana kwa joto na kichwa kilicholowa, hivyo ni vigumu kukitofautisha. Rusheni usiku au alfajiri; mchana mng'ao wa jua majini unachanganya picha. Mwera, ule upepo mkali wa kusini-mashariki, ukivuma, betri haikai (muulize aliyewahi kuirusha Juni!). Kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kwanza. Mimi ningeanza na majaketi ya kujiokolea kwa kila mtumbwi.